Kiharusi si Ulevi wala si Uchawi: Somo kwa Wananchi wa Mpakani

Kwa kawaida kurasa hizi hushughulikia mambo ya usalama: wizi wa mifugo, magendo, ajali za pikipiki na ugomvi wa mashamba. Safari hii tumeona vema kuzungumzia ugonjwa. Huenda mtu akauliza, polisi na ugonjwa wapi na wapi? Jibu lake ni jepesi. Mtu anapoanguka ghafla sokoni Muyinga, kando ya barabara ya Karuzi au katika foleni ya Kobero, mara nyingi askari ndiye mtumishi wa serikali wa kwanza kumfikia. Analolifanya askari huyo katika saa ya kwanza, pamoja na wanalolifanya majirani waliosimama kando, ndilo linaloamua kama mtu huyo atarudi shambani kwake au atalala kitandani miaka yote iliyobaki.

Nina sababu nyingine, nayo ni yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa askari wa zamu katika kituo ambacho sitakitaja, vijana walituletea jioni mchuuzi mmoja wa ndizi. Alikuwa akiyumba, ulimi wake mzito, maneno yake hayaeleweki. Alikuwa na harufu ya pombe ya ndizi. Tulimlaza kwenye benchi ili ulevi umtoke. Usiku niliwahi kumwona akiushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine, nami sikuelewa. Kulipopambazuka alikuwa hawezi kusimama wala kusema. Hospitalini tuliambiwa kwamba ni kiharusi, na kwamba tumechelewa. Hakufa. Ila tangu siku ile hunisalimia kwa mkono wa kushoto.

Somo hili limeandikwa ili jambo kama hilo lisirudiwe, si na askari wala na raia.

KIHARUSI NI NINI

Ubongo ndio unaoamuru mkono unyanyuke, ulimi useme na mguu upige hatua. Ili ufanye kazi hiyo, hauna budi kupata damu bila kukatizwa hata kwa dakika chache. Kiharusi hutokea pale damu inapokatika ghafla katika sehemu moja ya ubongo. Hukatika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuziba. Donge la damu huziba mshipa, kama vile taka zinavyoziba mfereji wa maji, na sehemu iliyo mbele ya kizuizi hubaki kavu. Hiyo ndiyo aina inayowapata wagonjwa wengi duniani. Njia ya pili ni kupasuka. Mshipa uliodhoofika hupasuka, damu humwagika ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Aina hii ni ya wachache, lakini katika nchi zetu za Afrika sehemu yake ni kubwa kuliko ilivyo Ulaya, kwa sababu wengi wetu tunaishi na shinikizo la damu bila kujua na bila kutibiwa.

Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto, kiharusi kwa kawaida hupooza upande mmoja tu. Kwa watu wengi uwezo wa kusema umekaa upande wa kushoto wa ubongo, na ndiyo maana aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno pia.

Isidhaniwe kuwa haya ni maradhi ya Wazungu au ya matajiri. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti nchini Tanzania walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika Wilaya ya Hai na katika sehemu za jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walikuta takriban watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takriban 316 huko Dar es Salaam. Kiwango hicho cha jijini kilikuwa miongoni mwa vilivyo juu kabisa duniani kupata kuandikwa. Majirani zetu wanakula tunachokula na kuishi tunavyoishi. Hatuna sababu ya kujidhania kuwa sisi tumesalimika.

DALILI: USO, MKONO, MANENO, MUDA

Mkariri maneno haya manne, muwafundishe na watoto wenu.

Uso. Mwombe mtu atabasamu au aonyeshe meno. Je, upande mmoja wa mdomo umelegea?

Mkono. Mwombe anyanyue mikono yote miwili mbele yake, viganja vikitazama juu, afumbe macho na kuhesabu hadi kumi. Je, mkono mmoja unashuka wenyewe, au haunyanyuki kabisa?

Maneno. Mwombe arudie sentensi nyepesi, kwa mfano, "Leo tunakwenda soko la Muyinga." Je, anababaika, anachanganya maneno, au hakuelewi?

Muda. Ukiona hata dalili moja kati ya hizo tatu, tazama saa yako mara moja na uandike. Safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Ziko dalili nyingine: kupoteza uwezo wa kuona ghafla kwa jicho moja au upande mmoja, kizunguzungu kikali pamoja na kushindwa kutembea, au maumivu ya kichwa ya ghafla yasiyo na mfano, hasa yakiambatana na kutapika. Neno la kushika ni "ghafla". Kiharusi hakiji polepole kama homa. Mtu alikuwa akipalilia, mara jembe likamponyoka.

Mara nyingine dalili huja na kutoweka baada ya dakika chache, mtu akasema, "Mungu amesaidia, nimepona." Hiyo ni kengele ya hatari. Kiharusi kikubwa kinaweza kufuata katika siku chache zinazofuata. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama anatembea na kucheka.

MAKOSA MAWILI YANAYOTUANGAMIZA

Kosa la kwanza ni kumdhania mgonjwa kuwa mlevi. Mlevi huyumba pande zote mbili. Mgonjwa wa kiharusi huelemea upande mmoja. Mlevi hutabasamu kwa mdomo mzima. Mgonjwa hutabasamu kwa nusu. Lakini msitegemee tofauti hizi peke yake, kwa kuwa mtu anaweza kuwa amekunywa na papo hapo akapatwa na kiharusi, kama yule mchuuzi wangu. Harufu ya pombe haimkingi mtu na maradhi. Kwa sababu hiyo, yeyote anayeletwa kituoni akiwa na ulimi mzito apimwe kwanza kwa uso, mkono na maneno kabla ya kuulizwa jambo lolote. Kipimo hicho hakichukui hata dakika mbili.

Wajibu huu ni mzito zaidi kwetu sisi tunaoshika funguo. Historia ya jirani zetu wa Kenya inatufundisha. Mwanasiasa Kenneth Matiba aliwekwa kizuizini mwezi Julai 1990 bila kufikishwa mahakamani. Akiwa kizuizini mwaka 1991 alipatwa na kiharusi. Aliachiliwa, akaenda kutibiwa London, akarudi na kushika nafasi ya pili katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1992, lakini udhaifu ulioachwa na kiharusi ulimfuata hadi kifo chake mwezi Aprili 2018. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru serikali imlipe fidia kubwa kwa mateso aliyoyapata. Aliye mikononi mwa askari hawezi kujipeleka hospitali. Miguu yake ni miguu ya askari.

Kosa la pili ni kutafuta mchawi. Mtu mzima aliyelala salama anaamka mdomo umepinda. Majirani wananong'ona kuwa amerogwa, au ametiliwa kitu katika pombe ya kilioni. Jina la bibi fulani linatajwa. Jioni vijana wanakusanyika na marungu. Hapo msiba mmoja huzaa msiba wa pili: mgonjwa amepoteza saa zake za matibabu, na mtu asiye na hatia anavunjiwa nyumba au anapoteza maisha. Tunasema wazi: kumshambulia mtu kwa tuhuma za uchawi ni kosa la jinai, na wanaofanya hivyo watafikishwa mbele ya sheria. Ikiwa kweli kuna shaka ya sumu, hospitali na polisi ndio wenye njia ya kuchunguza. Viongozi wa milima na Bashingantahe wana heshima ya kutosha kuizima minong'ono hii mapema. Tunawaomba waitumie.

NJIANI KWENDA HOSPITALI

Inakadiriwa kwamba katika kiharusi cha kuziba, ubongo hupoteza chembe hai takriban milioni 1.9 kila dakika ambayo haujatibiwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema. Hapa huua ubongo.

Mfanye haya:

1. Mlazeni mgonjwa kwa ubavu ikiwa amelegea au anatapika, ili matapishi yasiingie mapafuni. Akiwa macho na ana nguvu kiasi, muinueni kichwa na mabega kidogo.

2. Legezeni ukosi, mkanda na kilemba. Ondoeni meno bandia kama anayo.

3. Msimpe chochote kwa mdomo: si maji, si uji, si maziwa, si dawa. Koo nayo inaweza kuwa imepooza, na tonge moja linaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia.

4. Msimpe aspirini. Inaweza kumsaidia mwenye mshipa ulioziba, lakini mwenye mshipa uliopasuka inaweza kumzidishia kuvuja damu. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha hali hizo mbili, hata daktari.

5. Msimpe vidonge vya presha vya jirani. Baada ya kiharusi shinikizo hupanda, na mara nyingine kupanda huko ndiko kunakoifikisha damu kidogo katika sehemu iliyoziba. Likishushwa kwa ghafla, sehemu hiyo hufa.

6. Msimchanje, msimpige chuku, msimkande kwa maji ya moto. Ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua.

7. Andikeni saa. Daktari atauliza, "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Kama alilala mzima saa tatu usiku na kuamka amepooza saa kumi na mbili asubuhi, jibu ni saa tatu usiku.

8. Bebeni dawa zote anazotumia, kitambulisho, na kadi yake ya CAM au ya Mutuelle ikiwa anayo. Aende pamoja na mtu anayeyajua maisha yake.

Kuhusu usafiri, tunajua hali ya milima yetu. Kutoka vilima vya Giteranyi au Butihinda, wengi bado hubebwa kwa machela, ingobyi, hadi barabarani. Machela hiyo ni bora kuliko kumkalisha mgonjwa aliyelegea juu ya pikipiki kati ya watu wawili, kichwa kikining'inia. Mbebeni hadi penye gari. Wakati wabebaji wako njiani, mwingine atangulie kwa simu: kituo cha afya, hospitali, na polisi walio karibu ili njia ifunguliwe. Kituo cha afya kilicho jirani kinaweza kumpima sukari na shinikizo na kumwitia gari la wagonjwa, lakini pasiwe mahali pa kungojea hadi kesho yake.

Kwa wakazi wa Kobero na wa upande wa pili, Kabanga na Ngara, mpaka ni jambo la kila siku. Wapo waliovuka asubuhi kwenda mnadani na kuugulia huko. Mfikapo kizuizini, msipoteze muda kwa kueleza hadithi ndefu. Semeni kwa sauti, "Tuna mgonjwa wa kiharusi," na kitambulisho kiwe tayari mkononi mwa msindikizaji. Askari naye akumbuke kwamba karatasi ya msindikizaji inaweza kukaguliwa, lakini ubongo wa mgonjwa hauwezi kusubiri foleni.

NDANI YA HOSPITALI

Wengi huogopa hospitali kwa sababu hawajui kinachofanyika humo. Tukieleze.

Kwanza, wauguzi hutazama njia ya hewa, upumuaji, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na joto. Kisha hupima sukari, kwa sababu sukari ikishuka mno huweza kumfanya mtu aonekane kama mwenye kiharusi. Sindano ya sukari humrudisha katika hali yake kwa muda mfupi. Katika mikoa yetu ya kaskazini hupima pia malaria, kwani malaria kali huweza kuvuruga akili na kuleta degedege.

Pili, hutafuta kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Njia ya hakika ni picha ya kichwa kwa mashine ya skana. Si kila hospitali ina mashine hiyo, na ndiyo maana daktari wa Muyinga anaweza kuamua kumpeleka mgonjwa mbali zaidi, hata Bujumbura. Familia isilichukulie agizo hilo kama kufukuzwa. Ulizeni maswali mawili: "Safari hii itamsaidia nini?" na "Je, hali yake inamruhusu kusafiri?" Halafu mwamue pamoja na daktari.

Tatu ni matibabu yenyewe. Tangu mwaka 1995, utafiti uliofanyika Marekani ulionyesha kwamba ipo dawa ya mshipani inayoweza kuyeyusha donge la damu. Leo dawa hiyo hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na baada ya skana kuthibitisha kuwa hakuna damu iliyovuja. Ziko pia hospitali duniani zinazolivuta donge lenyewe kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Matibabu haya ni ghali, na hospitali nyingi za ukanda wetu bado hazina. Tunayataja ili mjue kwa nini saa ina thamani. Hatuyataji ili kumkatisha tamaa yeyote.

Kwa maana liko jambo kubwa ambalo halihitaji mashine ya gharama. Imethibitika katika nchi nyingi kwamba wagonjwa wa kiharusi wanaowekwa pamoja katika wodi yao, wakiangaliwa na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo, hupona kwa wingi zaidi na hubaki na ulemavu mdogo kuliko waliotawanywa ovyo. Siri ya wodi hiyo ni mambo madogo yanayofanywa kwa uaminifu: kumjaribu mgonjwa kwa kijiko cha maji kabla ya kumlisha, kushusha homa, kudhibiti sukari, kumgeuza kila baada ya saa mbili, kuzuia damu isigande miguuni, na kumkalisha na kumsimamisha mapema kadiri daktari anavyoruhusu. Kwetu, ambako ndugu ndiye anayelala kando ya kitanda cha mgonjwa, mengi ya haya humwangukia ndugu huyo. Mwombeni muuguzi awaonyeshe namna ya kuyafanya. Hiyo ni haki yenu, na ni msaada kwa muuguzi pia.

Ikiwa mshipa umepasuka, juhudi kubwa ni kushusha shinikizo la damu kwa utaratibu na kumchunga mgonjwa kwa karibu. Mara chache hufanyiwa upasuaji. Ikiwa umeziba, hupewa aspirini baada ya madaktari kuridhika, na shinikizo huachwa kwa muda isipokuwa limepanda kupita kiasi.

KURUDI NYUMBANI NA SAFARI YA KUPONA

Kuruhusiwa kutoka hospitali si mwisho wa matibabu. Ubongo una uwezo wa kujifunza upya: sehemu zilizobaki nzima huweza kuchukua baadhi ya kazi za sehemu iliyokufa. Lakini hujifunza kwa kurudiarudia, kama mtoto anavyojifunza kutembea. Maendeleo makubwa huonekana katika miezi mitatu ya mwanzo, ingawa mtu huweza kuendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka.

Hapa mji wa Gitega una neema ya pekee. Ndiko kiliko Kituo cha Taifa cha Vifaa vya Viungo na Urekebishaji, kinachojulikana kwa herufi za Kifaransa CNAR. Humo watu hufundishwa mazoezi ya viungo na kutengenezewa vifaa vya kuwasaidia kusimama na kutembea. Wengi hudhani kituo hicho ni cha waliokatwa miguu tu. Ulizeni daktari wenu kama mgonjwa wenu anafaa kupelekwa huko. Anayetoka Muyinga hupita Karuzi; ni safari ndefu kwa mgonjwa, kwa hiyo ipangwe vema. Ndugu mmoja afuatane naye ili ajifunze mazoezi na kuyaendeleza nyumbani.

Nyumbani, zingatieni haya:

Bega. Msimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lililolegea huteguka kwa urahisi, na maumivu yake hudumu. Mshikeni kiunoni. Akiwa ameketi, mkono ule upumzike juu ya mto.

Kazi badala ya kukaa bure. Mpeni mkono ule kazi ndogo: kuchambua maharage, kukunja nguo, kushika kikombe kitupu mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Akitaka kutumia mkono mzima tu, mhimizeni kwa upole.

Maneno. Asiyeweza kusema si lazima awe haelewi. Semeni naye kwa sentensi fupi, mkimtazama, mkimpa muda wa kujibu. Ulizeni maswali ya ndiyo au hapana. Msimjibie. Na jaribuni nyimbo: mara nyingine mtu asiyeweza kutaja jina la mkewe huweza kuimba wimbo wa kanisani au kaswida aliyoizoea tangu utotoni, kisha maneno yakaanza kurudi kwa njia hiyo.

Huzuni. Takriban mmoja kati ya wagonjwa watatu hupatwa na huzuni nzito baada ya kiharusi. Hula kidogo, hugeukia ukutani, hulia bila sababu. Huo ni ugonjwa nao una tiba. Si ukaidi. Mtoeni nje, apate jua na wageni. Na anayemwuguza, ambaye mara nyingi ni mke au binti, apumzishwe kwa zamu. Hakuna mtu wa chuma.

Mali. Hapa polisi tuna neno. Tumeona jamaa wakikishika kidole gumba cha mgonjwa asiyesema na kukibandika kwenye karatasi ya kuuza shamba. Kupooza hakumwondolei mtu haki ya mali yake. Kidole kilichobandikwa bila ridhaa ya mwenyewe ni udanganyifu, na hati ya namna hiyo inaweza kupingwa mbele ya sheria. Anayeona jambo hilo atoe taarifa.

KUZIBA UFA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kiharusi ni shinikizo la damu. Halina maumivu, mtu huweza kuishi nalo miaka kumi bila kujua. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, mwone mganga wa kituo cha afya. Ukipewa dawa, zitumie kila siku hata ukijisikia mzima, kwa maana kujisikia mzima ndiyo kazi ya dawa hizo. Wengi tuliowaona wakipooza walikuwa wameacha vidonge wiki chache kabla, kwa kusema, "Nimeshapona presha."

Mengine mnayajua: chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja, tumbaku iachwe, pombe ipunguzwe, sukari na moyo vipimwe, mwili upate kazi. Aliyekwisha kupata kiharusi kimoja yuko katika hatari ya kupata cha pili, hivyo kwake dawa na kliniki ni za maisha. Tarehe 29 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Kiharusi Duniani. Iwe kwenu siku ya kupima, kila mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, pamoja na wazazi wake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MIKUTANO

1. Taja maneno manne ya kukumbuka, na uonyeshe mbele ya wenzako namna ya kumpima mtu.

2. Mwenzako ameamka na mkono uliolegea, na jirani analeta kidonge chake cha presha. Utamwambia nini?

3. Hapa mlimani kwetu, nani ana gari au anaweza kuitwa usiku? Nani wanne watakaobeba machela? Namba zao zimeandikwa wapi?

4. Vijana wanasema mgonjwa amerogwa. Nani atasimama kwanza kuwatuliza, na atasema nini?

5. Je, yuko mgonjwa wa kiharusi katika mtaa wenu ambaye hajaonekana nje kwa mwezi mzima? Nani atamtembelea wiki hii?

Ndugu wasomaji, yule mchuuzi wa ndizi yu hai. Baada ya mazoezi ya muda mrefu alijifunza kutembea kwa fimbo, na leo binti yake huuza naye anapokea fedha kwa mkono wa kushoto na kuhesabu bila kukosea. Nilipomweleza kwamba nitaandika somo hili, alitafuta maneno kwa muda, kisha akasema taratibu, "Waambie watazame uso kwanza."

Nimewaambia.